Anwani Moja, Visanduku Viwili: Mgongano Unaokata Intaneti Majumbani Dodoma

Faiba imefika hadi sebuleni, taa za modemu zinawaka kijani, kifurushi kimelipiwa, na bado simu inaonyesha alama ya Wi-Fi yenye mshangao pembeni: umeunganishwa, intaneti hakuna. Mteja anapiga huduma kwa wateja, anaambiwa azime modemu, asubiri kidogo, awashe. Intaneti inarudi. Jioni inakata tena, na safari hii kwa namna ya kushangaza zaidi: simu ya mama inafungua kila kitu, ya mtoto haifungui chochote, ilhali zote mbili zimeshika Wi-Fi moja. Katika nyumba nyingi za Ilazo, Nkuhungu, Iyumbu na Kisasa hali hii imeshazoeleka, na lawama zake huangukia kampuni, umeme au mvua.

Ni kweli kwamba nyaya za faiba hukatwa na mitambo ya barabara, na ni kweli kwamba umeme hukatika. Lakini ipo sababu nyingine isiyoonekana kwa macho, ambayo fundi anayefika nyumbani hupoteza nusu siku kabla ya kuigundua: modemu iliyoletwa na kampuni na ruta aliyoinunua mteja zimejipa anwani moja. Sababu ya mgongano huo inajulikana tangu miaka ya 1990, dawa yake haigharimu hata shilingi, na bado unaendelea kwa kuwa hakuna aliyekabidhiwa kazi ya kuuzuia. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma, na ndilo ninalotaka kulifikisha baada ya kueleza namna jambo lenyewe linavyokwenda.

Kila kifaa kinachoingia mtandaoni lazima kiwe na namba ya kukitambulisha, yaani anwani ya IP. Mfumo ambao bado unabeba sehemu kubwa ya intaneti uliwekwa katika waraka wa Septemba 1981, na jumla ya anwani zake ni 4,294,967,296, pungufu kabisa ya idadi ya watu duniani leo. Ilipodhihirika kwamba hazitatosha, Februari 1996 wahandisi wa intaneti walichapisha waraka uitwao RFC 1918 na kutenga mafungu matatu kwa matumizi ya ndani: anwani zote zinazoanza na 10, ambazo ni 16,777,216; zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31, ambazo ni 1,048,576; na zinazoanza na 192.168, ambazo ni 65,536. Mtu yeyote, ofisi yoyote, kiwanda chochote kinaruhusiwa kuzitumia bila kuomba kibali, mradi zisivuke ukuta kwenda intaneti ya nje. Ruta ndiyo inayosimama mlangoni na kubadilisha anwani za ndani kuwa moja ya nje kila data inapotoka. Kazi hiyo mafundi huiita NAT, na ilielezwa katika waraka wa Mei 1994.

Dodoma ni mji unaojua maana ya kiwanja kimoja kudaiwa na watu wawili. Tangu Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilipoanzishwa mwaka 1973 hadi ilipovunjwa Mei 2017 na shughuli zake kuhamishiwa halmashauri, kesi za namna hiyo zimesikika sana mjini. Mgongano wa anwani unafanana nazo kwa kila kitu ila kimoja: hapa wadai wote wawili wana haki kamili. Kiwanda kilichotengeneza modemu kiliruhusiwa kuipa 192.168.1.1, na kiwanda kilichotengeneza ruta kiliruhusiwa vilevile. Shida inaanza pale vinapokutana kwenye meza moja ya televisheni.

Na vinakutana mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu watengenezaji wanachagua kutoka kwenye orodha fupi sana. Modemu nyingi za ZTE hutoka kiwandani zikiwa na 192.168.1.1. Za faiba za Huawei hutumia 192.168.100.1, na ruta za Huawei za kuwekea laini ya simu hutumia 192.168.8.1. Tenda na D-Link huanzia 192.168.0.1. TP-Link hutumia 192.168.0.1 au 192.168.1.1 kutegemea toleo, na MikroTik 192.168.88.1. Aliyenunua Tenda na kuichomeka kwenye modemu ya Huawei hataona tatizo lolote, na ataamini kwamba ruta za Tenda ni nzuri. Jirani yake mwenye ruta inayojiita 192.168.1.1 ameichomeka kwenye modemu inayojiita jina hilohilo, naye ataamini kwamba ameuziwa feki. Wote wawili wamenunua bidhaa nzima.

Tutazame kwa karibu kinachotokea ndani ya ruta ya huyo jirani. Ina pande mbili: upande wa nje, WAN, unaoelekea kwenye modemu, na upande wa ndani, LAN, unaoelekea kwenye simu na kompyuta za familia. Inapowaka inaomba anwani kutoka kwenye modemu kwa utaratibu uitwao DHCP, na modemu inaijibu: wewe utakuwa 192.168.1.7, na njia ya kutokea ni kwangu, 192.168.1.1. Ruta inajitazama na kukuta kwamba 192.168.1.1 ni yenyewe. Data yote ya kwenda nje inatakiwa ipitie kwa 192.168.1.1, kwa hiyo ruta inajitumia yenyewe, na safari inaishia hapo. Zaidi ya hayo, katika mitandao ya nyumbani namba tatu za mwanzo ndizo zinazoonyesha mtaa, na ya nne ndiyo inayoonyesha kifaa. Pande zote mbili zikiwa mtaa wa 192.168.1, ruta haina namna ya kujua ni upande upi wa kupeleka. Baadhi ya ruta mpya hugundua hali hiyo na kujihamishia kwenye mtaa mwingine zenyewe, na hilo ni jambo jema, ingawa huzaa usumbufu wake: ukurasa wa mipangilio haupatikani tena kwenye anwani iliyobandikwa chini ya ruta, na printa iliyokuwa imewekewa anwani ya kudumu inapotea. Ruta nyingine hukataa kupokea anwani ya nje na kuandika sifuri tupu mahali pa WAN. Nyingine hazisemi kitu, zinanyamaza tu.

Swali la haki ni kwa nini mtu awe na visanduku viwili. Ukuaji wa Dodoma unalijibu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973, lakini Serikali ilianza kuhama kwa nguvu mwaka 2016, manispaa ikatangazwa kuwa jiji Aprili 2018, na Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma. Mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam alikuja na fanicha, friji na ruta yake, na ruta hiyo ilikuja na mipangilio ya nyumba aliyoiacha. Kampuni ilipomletea modemu hapa, hakuona sababu ya kuitupa ya zamani. Halafu kuna nyumba zenyewe: kuta za tofali za saruji, korido ndefu, vyumba vya uani vinavyopangishwa. Wi-Fi ya sebuleni ikifika chumba cha tatu imeshachoka. Mpangaji wa uani anavuta waya kutoka kwa baba mwenye nyumba, anachomeka ruta yake, na rafiki yake wa chumba cha pili anavuta kutoka kwake. Hapo kuna modemu moja na ruta mbili mfululizo, na kila moja inagawa anwani kwa imani kwamba ni yenyewe pekee.

Mahali waya unapochomekwa pana maana kubwa, na hapa ndipo penye chimbuko la ile hali ya simu moja kufanya kazi na nyingine kugoma. Ruta ina tundu moja la WAN, mara nyingi la bluu au lililotengwa kidogo, na matundu kadhaa ya LAN. Mtu asiyejua akichomeka waya wa modemu kwenye tundu la LAN, anaunganisha mitandao miwili kuwa mmoja bila mlango katikati. Sasa kuna wagawaji wawili wa anwani. Simu inayojiunga hutangaza kwa wote: nani atanipa anwani? Anayejibu kwanza ndiye anayeshika. Simu iliyojibiwa na modemu inaonyeshwa njia ya kutokea iliyo hai. Iliyojibiwa na ruta inaelekezwa kwa ruta ambayo tundu lake la WAN halina waya. Kama vyote viwili vinajiita 192.168.1.1, mambo yanakuwa mabaya zaidi, kwa sababu simu ikiuliza 192.168.1.1 ni nani, vinajibu vyote, na kumbukumbu ya simu inabadilika kila mara. Utaratibu wa kuuliza huko, ARP, uliandikwa na David Plummer Novemba 1982 kwa mazingira ambayo kila kifaa kiliaminiwa. Hauna njia ya kumtaka anayejibu athibitishe kwamba anwani ni yake.

Kuna kisa cha tatu kinachostahili kukaliwa kitako kwa sababu kinahusu umeme. Modemu huweka orodha ya anwani ilizogawa na muda wa kila moja. Modemu za bei nafuu huiweka orodha hiyo kwenye kumbukumbu inayofutika zinapozimika. Umeme ukikatika usiku saa mbili na kurudi saa tatu, modemu inaamka bila kumbukumbu yoyote. Kompyuta mpakato iliyokuwa na 192.168.1.5 haikuzimika, kwa kuwa ina betri, na inaendelea kujihesabu kuwa ni 192.168.1.5. Televisheni inaamka na kuomba anwani, modemu isiyokumbuka kitu inaipa 192.168.1.5. Mgongano umezaliwa bila mtu kugusa chochote, na kompyuta za Windows huutangaza kwa ujumbe mdogo pembeni mwa skrini ambao wengi huufunga bila kuusoma. Tena ruta ndogo huwahi kuamka kuliko modemu ya faiba, ambayo lazima kwanza ijitambulishe kwa mitambo ya kampuni. Ruta ikiomba anwani wakati huo haipati jibu, na baadhi hukata tamaa mapema. Vivyo hivyo kompyuta isiyojibiwa hujipa anwani inayoanza na 169.254. Ukiiona hiyo kwenye mipangilio, ujue kifaa kiliomba na hakikujibiwa, na usihangaike kumlaumu aliyeko mbali kabla ya kuangalia waya na kisanduku kilicho karibu.

Kamera za ulinzi ni sura nyingine. Zimeenea sana Dodoma kwa sababu nyumba nyingi zinajengwa na watu wasiokaa humo muda wote. Hikvision hutoka kiwandani na 192.168.1.64, Dahua na 192.168.1.108. Fundi wa kamera huziacha hivyo kama modemu iko mtaa wa 192.168.1, na kazi inaonekana nzuri. Miezi inapita, radi ya Januari inaua modemu, kampuni inaleta nyingine ya mtengenezaji tofauti inayotumia mtaa wa 192.168.100. Simu zote zinafanya kazi, kamera zote zimepotea. Mwenye nyumba aliyeko Mwanza anahisi ameibiwa. Kilichotokea ni kwamba kamera ziko kwenye mtaa usiokuwepo tena.

Watumishi wanaofanya kazi za ofisi wakiwa nyumbani wana shida yao, na ni ya kuchosha kwa kuwa intaneti yenyewe inakuwa nzima. Ofisi inapomruhusu mtu kuingia kwenye mifumo yake kwa VPN, kompyuta yake inakuwa kana kwamba iko ofisini. Ikiwa seva ya ofisi ni 192.168.1.10 na nyumba nayo iko mtaa wa 192.168.1, kompyuta inaitafuta seva hiyo chumbani, inaikosa, na kukata tamaa. YouTube inacheza, barua pepe zinaingia, mfumo wa ofisi haufunguki. Wasimamizi wa mifumo wanaopanga mtandao wa ofisi mpya pale Mtumba au kwingineko wana wajibu wa kukwepa 192.168.0 na 192.168.1 kabisa. Kufanya hivyo siku ya kwanza ni kazi ya dakika chache. Kubadilisha baada ya miaka mitano, kila printa ikiwa imeshafungwa, ni mradi mzima.

Hadi hapa tumezungumzia ndani ya nyumba. Ukipanda juu unakuta kwamba kampuni nazo zina njaa ya anwani, na njaa hiyo ndiyo inayoshusha mgongano hadi sebuleni. Mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa Februari 2011. Ulaya ilimaliza za kwake Novemba 2019. AFRINIC, taasisi yenye makao Mauritius inayogawa anwani kwa Afrika, imekuwa ikibana tangu Aprili 2017, na tangu Januari 2020 mgao mmoja hauzidi anwani 1,024. Linganisha namba hiyo na jiji la watu 765,179. Kampuni inayotaka kuunganisha nyumba za jiji hili haiwezi kumpa kila mteja anwani yake ya nje, hivyo inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mteja anapokea anwani ya ndani ya kampuni, mara nyingi inayoanza na 10, na NAT inafanyika tena kwenye mitambo ya kampuni baada ya kufanyika nyumbani. Laini za simu nazo, ambazo ndizo njia kuu ya Watanzania kuingia mtandaoni, huendeshwa kwa mpango wa namna hiyo.

Hata fungu la 10 lenye zaidi ya anwani milioni 16 lina mwisho. Comcast, kampuni kubwa ya kebo ya Marekani, ilieleza mwaka 2006 kwamba mtandao wake wa ndani ulikuwa umelizidi. Halafu kuna hatari iliyo dhahiri: kampuni ikitumia 10.0.0 na mteja naye akachagua 10.0.0, tumerudi kwenye kisa chetu cha kwanza, ila safari hii kisanduku cha pili kiko mbali na mteja hawezi kukigusa. Kwa sababu hiyo hasa, Aprili 2012 ulichapishwa waraka wa RFC 6598 uliotenga fungu jipya la anwani 4,194,304, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255, kwa ajili ya watoa huduma peke yao. Waraka ulizingatia kwamba vipo vifaa vya nyumbani visivyoweza kufanya kazi vizuri vikikuta anwani za aina moja pande zote mbili. Naomba msomaji alishike hili. Wahandisi wa dunia walipokaa kuamua nani ampishe mwenzake, walimwambia mtoa huduma ahame. Mteja hakuambiwa aende kusomea mitandao.

Gharama ya kutopisha ilionekana dunia nzima tarehe 1 Aprili 2018, kampuni ya Cloudflare ilipofungua huduma yake ya majina ya mtandao kwenye anwani 1.1.1.1. Wateja katika nchi mbalimbali walishindwa kuifikia, kwa kuwa modemu zao na mitambo ya Wi-Fi ilikuwa imejichukulia 1.1.1.1 kwa matumizi ya ndani, ingawa haikuwa kamwe katika mafungu ya ndani. Watengenezaji waliona haina mtu, wakakaa. Mwenyewe alipokuja, wapangaji wasiojua lolote ndio waliofungiwa nje.

Nje ya jiji sura inabadilika. Kibaigwa, Manyoni, Kondoa au Mpwapwa, nyumba nyingi zinategemea ruta ya laini ya simu, na palipo na mtoa huduma mdogo kuna antena juu ya bati inayotazama mnara. Antena hiyo nayo mara nyingi ni ruta kamili, yenye NAT na DHCP yake, ingawa mteja huiona kama chombo cha kunasa mawimbi tu. Chini yake kuna ruta ya kampuni, na chini ya hiyo ruta ya mteja. Tabaka tatu, na mgongano unaweza kuwa kati ya yoyote mawili. Fundi anatoka mbali, na ahadi ya kesho kutwa haiwezi kumfaa wakala wa fedha au mfanyabiashara wa mahindi anayesubiri bei. Hawa ndio wanaostahili zaidi kujua namna ya kujisaidia.

Kujisaidia kunaanza na macho. Kwenye modemu ya faiba tazama taa ya LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki, waya umekatika au umepinda, na hakuna anwani utakayobadilisha ikasaidia. Hiyo ni kazi ya kampuni. Taa ya PON ikiwa imetulia kijani, njia ya nje iko hai. Kisha chomoa ruta yako na unganisha simu moja kwa moja kwenye Wi-Fi ya modemu. Intaneti ikifunguka, kampuni haina kosa la laini, na tatizo liko kati ya visanduku viwili. Sasa fungua ukurasa wa mipangilio wa ruta yako na utafute sehemu mbili, WAN na LAN. Zisome pamoja. Kama namba tatu za mwanzo zinafanana pande zote, umeshampata mkosaji.

Dawa ya kwanza ni kuhamisha mtaa wa ndani wa ruta yako. Badala ya 192.168.1.1 iandikie 192.168.37.1, au namba yoyote isiyopendwa na viwanda. Kwepa 0, 1, 8, 88 na 100 mahali pa namba ya tatu, na kwepa fungu la 10 kwa kuwa kampuni na ofisi zinalipenda. Ruta itajiwasha upya na ukurasa wake utapatikana kwenye anwani mpya, hivyo iandike kwa kalamu isiyofutika chini ya ruta. Kisha zima na kuwasha Wi-Fi kwenye kila simu ili ichukue anwani mpya. Kumbuka jambo moja ambalo huwarudisha wengi nyuma: ukichoma pini kwenye tundu la kuriseti, anwani ya kiwandani inarudi, na mgongano unarudi nayo. Watu wanariseti ruta wakidhani wanaiponya, kumbe ndiyo wanaiua tena.

Dawa ya pili ninaipenda zaidi kwa nyumba ya familia moja, nayo ni kuipunguzia ruta kazi. Zima DHCP yake, ipe anwani moja iliyo nje ya zile zinazogawiwa na modemu, kwa mfano 192.168.1.2 ikiwa modemu inagawa kuanzia 192.168.1.100, kisha chomeka waya kwenye tundu la LAN badala ya WAN. Ruta sasa inasambaza Wi-Fi tu, modemu ndiyo mgawaji pekee, na printa na simu zote ziko mtaa mmoja. Ruta nyingi zina kitufe cha kufanya haya yote kwa mara moja. Tahadhari ni kwamba kila aliye kwenye mtandao huo anamwona mwenzake, kwa hiyo haifai kwa wapangaji wasiofahamiana. Kwao afadhali kila mmoja awe na ruta yake, yenye mtaa wake, na baba mwenye nyumba awe na daftari linaloonyesha nani amechukua namba ipi.

Dawa ya tatu ni kuiweka modemu kwenye briji, yaani iache kazi ya ruta na kupitisha tu data hadi kwenye ruta yako. Ndiyo safi kuliko zote kwa anayejua anachofanya, na ndiyo ngumu kuipata. Inahitaji jina na nywila za kuunganishia, ambazo kampuni nyingi hazitoi. Isitoshe, kampuni hudhibiti modemu zake kutoka mbali kwa utaratibu uitwao TR-069, uliotolewa mwaka 2004. Unaweza ukapanga kila kitu leo, na wiki ijayo mipangilio ikarudishwa kama ilivyokuwa kwa amri iliyotumwa kutoka makao makuu ya kampuni. Mteja anaona kazi yake imefutika na hajui nani kaifuta.

IPv6, mfumo mpya wa anwani, ndiyo tiba ya kudumu ya njaa ya anwani. Ilianza kutumika rasmi duniani Juni 2012, na nyumba moja ikipewa fungu dogo kabisa la kawaida inapata anwani zaidi ya milioni milioni milioni 18. Kila kifaa kinakuwa na anwani yake ya pekee, na sababu ya kurundika NAT juu ya NAT inakwisha. Lakini mteja hawezi kujiwashia IPv6 kama kampuni haijaileta hadi kwenye laini yake, na zipo tovuti nyingi zinazopatikana kwa mfumo wa zamani pekee. Miaka mingi ijayo mifumo hii miwili itaishi pamoja, na 192.168.1.1 itaendelea kukaa chini ya kila meza.

Kwa hiyo nani abebe mzigo? Kiwanda hakijui ruta yake itachomekwa wapi. Muuza duka hajui mnunuzi ana modemu gani. Mteja hajui hata kwamba kuna cha kujua. Mtoa huduma peke yake ndiye anayechagua modemu, anayeipangia anwani, anayeidhibiti kutoka mbali na anayemtuma fundi hadi mlangoni. Anaweza kuagiza modemu zake zije na mtaa usio wa kawaida; ni mstari mmoja katika mipangilio anayoituma kwa maelfu ya wateja kwa wakati mmoja. Anaweza kubandika karatasi ndogo inayoonyesha anwani ya ndani na anwani ambazo mteja asizitumie. Anaweza kumfundisha mpokea simu aulize swali moja kabla ya kusema zima na uwashe: je, kuna ruta nyingine uliyoongeza? Swali hilo moja lingeokoa safari nyingi za mafundi, na mafuta yake ni fedha za kampuni yenyewe.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ina kanuni za kumlinda mtumiaji za mwaka 2018 na ina ofisi ya Kanda ya Kati hapahapa Dodoma. Kuwataka watoa huduma wa majumbani wamwachie kila mteja maelezo ya kifaa walichomfungia, kwa Kiswahili na kwenye ukurasa mmoja, si kuwaonea. Hata fundi wa umeme tungetarajia asiondoke bila kuonyesha swichi kuu iko wapi.

Wewe unayesubiri fundi wa faiba wiki hii, kabla hajafunga mkoba wake muulize mambo mawili: modemu hii inatumia anwani gani kwa ndani, na nikiongeza ruta yangu niipe anwani ipi. Majibu yaandike kwenye karatasi, ibandike nyuma ya modemu, na umwonyeshe kila atakayekuja kuvuta waya kutoka kwako.